Nimetolewa kwenye Kikapu

Mshauri wangu mpendwa,

Salamu kwanza, halafu shida, na shida yenyewe ukiicheka sitakulaumu, maana kucheka ndiko kulikonifikisha hapa. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, fundi cherehani hapa Tabora mjini, yaani fundi wa kuzifufua zinapokufa, si wa kushonea, na watu wakiniletea suruali niwapunguzie kiuno huwa nawaelekeza kwa jirani. Sikusomea kazi hii. Cherehani ya kwanza niliifungua kwa udadisi nikaifunga kwa kumwogopa mama, na tangu siku hiyo nakula kwa mikono yangu. Naomba msaada wako kwa sababu mjukuu wangu Swaumu, ninayeishi naye, hasemi nami isipokuwa “chai hii hapa”, na kosa langu mpaka leo silioni sawasawa.

Itabidi nianzie mbali, univumilie, maana sisi wazee tukianzia katikati tunapotea.

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka kumi na minne, na siku zile nchi nzima ilihimizwa kujitegemea, nasi watoto tuliichukua kauli ile kwa uzito kuliko wakubwa waliokuwa wakiitangaza, tukawa tunatengeneza vitu. Makopo, waya, mipira ya baiskeli, chochote kilichotupwa kilikuwa mali. Jirani yetu mzee Mfaume alikuwa gadi wa treni, na katika kila stesheni alikuwa akiona mtoto mmoja mwenye koleo mkononi na vidole vyenye makovu, mmoja Kigwa, mmoja Urambo, mmoja Manyoni, akaona kwamba hawa wote ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja, basi akachukua kikapu cha ukindu, akakiweka kwenye behewa lake la nyuma, akasema kila mtu atie alichokitengeneza, naye atakipitisha kwa wenzake. Hivyo ndivyo tulivyokuwa chama. Hatukuwa na jina wala mwenyekiti, jambo la ajabu kwa miaka ile, tukakiita Kikapu tu. Wengine mpaka leo sijawaona sura, lakini mikono yao naijua, mwenzetu wa Kigwa alikuwa akikunja waya kwa kushoto.

Mimi nilitia mashine ya kubangua karanga, ya kopo la maziwa na gurudumu la cherehani iliyokufa. Ilipofika Manyoni ikaangukia mikononi mwa kijana wa Kigogo aliyeitwa Madinda, na wewe mshauri bila shaka unajua Mgogo na Mnyamwezi ni nini wakikutana. Treni iliporudi, mzee Mfaume hakuteremka kwanza, alisimama mlangoni na kikapu mkononi akapaza ile sauti yake ya kutangaza stesheni:

“Mwanahawa! Mtani wako wa Manyoni anauliza, hii mashine inabangua karanga au inapika uji wa karanga? Anasema ninyi Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, mkarudi na shingo nene, akili mkaisahau Bagamoyo!”

Stesheni nzima ikacheka, wachukuzi, wauza asali, mpaka mabwana wa daraja la kwanza waliokuwa wakijifanya hawasikii Kiswahili. Nami nikajibu palepale, “Mwambie babu zao walikaa njiani wakitudai hongo ya kupita, ndiyo maana mikono yao inajua kupokea tu!” Mzee Mfaume akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea barua ya serikali. Ndani ya kikapu nikakuta mashine yangu, Madinda amekwisha kuifungua, waya nilioupinda vibaya ameunyoosha, na kando yake ametia kibatari alichokibuni mwenyewe, kinavuja kama pua ya mtoto, nikakicheka wiki nzima kisha nikakiziba kwa nta nikakirudisha. Mshauri, nimeolewa, nimezaa, nimezika, lakini furaha ya kungoja treni ya Dodoma nikijua inaniletea matusi mapya sijaipata tena.

Kilikwisha mwaka 1974. Watu walihamishiwa vijijini, na nyumba ya kina Madinda ikapelekwa mbali na reli. Treni iliyofuata ilipofika, mzee Mfaume aliteremka moja kwa moja, akanipa kikapu, nikakiangalia, kitupu. Kikapu kile kitupu nakiona mpaka leo nikipita stesheni. Mashine yenyewe bado ninayo chini ya kitanda, na mpaka leo inazivunja karanga nusu kwa nusu, lakini hilo halihusiani na barua hii.

Basi Swaumu amekua akizisikia habari hizo kila usiku wa umeme kukatika, na mwaka jana, akiwa kidato cha tatu, akafungua kundi la mtandaoni la vijana wanaobuni vitu, wa Igunga, wa Ntalikwa, wa Kigwa, mpaka wa mikoa nisiyoijua, akaliita Kikapu. Nililia, lakini nilisingizia vitunguu. Akaniingiza na mimi niwe mlezi. Nikaona mambo mazuri kweli, vifaranga wanaanguliwa kwa balbu, simu zinachajiwa kwa baiskeli, ila kitu kimoja kikaniwasha, kila atakayeweka chake anapigiwa makofi. Kiwe kizima, kiwe kibovu, moto moto, hongera, umeua. Kuna kijana alionyesha ngazi yenye ufa wakamwambia umeua, nikasema moyoni, bado, lakini ataua.

Ndipo Imakulata wa Igunga, binti wa kidato cha pili, akaweka mashine yake ya kufukuza ndege kwenye mpunga. Ametoa mota ya waipa kwenye lori bovu, ameiunga na paneli ya jua, inazungusha gurudumu lenye meno, meno yanagonga bati. Alieleza kwamba msimu wa kwelea kwelea yeye na mdogo wake hukosa shule kwa zamu, wanashinda shambani wakipiga madebe, sasa bati litapiga lenyewe. Makofi yakamiminika. Mimi nikaona mara moja kwamba meno yamepangwa sawasawa mno, ko, ko, ko, ndege akilisikia siku mbili amelizoea, na dawa yake ni ndogo, unang'oa meno mawili, la tatu unalisogeza, bati linagonga ovyo na ndege hajui lini litalia. Lakini kabla ya dawa kikanijia kichekesho. Nikabonyeza simu nikasema, “Imakulata, hiyo si mashine ya kufukuza ndege, hiyo ni bendi ya harusi. Kwelea kwelea watakula mpunga wenu huku wanacheza, na mwisho watawaomba mrudie wimbo!”

Wakacheka. Wakaisambaza sauti yangu, nasikia wengine wameifanya mlio wa simu. Imakulata akajitoa. Wakajitoa na wenzake wa Igunga, wakasema Swaumu amewaletea bibi mchawi. Mama yake Imakulata akapiga simu kwa Swaumu, nami nilikuwa naye karibu nikasikia: “Bibi yako amemvunja mwanangu mikono. Mtoto ameifungua mashine yote, mota ameitupa nyuma ya choo, na mpunga ndio huu unataka kutoa mashuke.”

Swaumu akanigeukia. “Bibi, ulisema vile kwa nini?”

“Utani tu, mjukuu wangu.”

“Utani na nani? Anakujua?”

“Mimi bibi. Bibi ana utani na wajukuu wote.”

“Bibi, yeye ana bibi yake.”

Jioni hiyo simu ikaniandikia kwamba nimeondolewa kwenye Kikapu, kwa adabu kabisa, bila hata shikamoo. Sasa nasikia Swaumu anawaambia wenzake kwamba mwisho wa mwezi atalifunga kundi lenyewe, kwa sababu waliobaki hakuna anayethubutu kuonyesha kitu. Nisaidie mshauri. Je, nimwombe radhi mtoto niliyemwambia ukweli? Au watoto wa siku hizi ndio wamekuwa laini kama mkate wa kumimina, nami nirudi kwenye cherehani zangu ninyamaze?

Ni mimi Mwanahawa, Tabora.

JIBU

Bi Mwanahawa, shikamoo. Nimeitanguliza kwa sababu baada ya hapa heshima itapungua. Mimi ni Mgogo, nimezaliwa Bahi, na wewe ni Mnyamwezi. Kwa hiyo nisikilize bila kununa, na ukinuna utakuwa umekula mila ya babu zako kama walivyokula posho ya safari.

Unasema kosa lako hulioni. Ajabu, kwa sababu umeliandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, kisha ukapita juu yake kama mpagazi anayekimbilia kivuli.

Rudi stesheni. Madinda alipokucheka, kulikuwa na nini ndani ya kikapu? Mashine yako, imefunguliwa, waya umenyooshwa. Na kibatari chake kinachovuja, ili na wewe upate cha kumcheka. Kelele za mzee Mfaume zilikuwa njuga za miguuni tu. Ngoma ilikuwa ndani ya kikapu. Wewe ulimpelekea Imakulata nini? Kelele za gadi, peke yake. Dawa ulikuwa nayo, meno mawili ya kung'oa na moja la kusogeza, ukaimeza ukatema kichekesho. Unakijua kikapu kitupu kinavyouma, mama. Miaka hamsini kinakuuma. Halafu ukamtumia mtoto wa watu hichohicho.

Tena mtani si mwenye ulimi tu. Kwetu na kwenu, mtani ndiye anayekucheka matangani, na ndiye huyohuyo aliyetoka jasho kuchimba kaburi. Haki ya kucheka inalipiwa kwa mikono. Lakini Imakulata hajawahi hata kukuona mikono. Kwake wewe ni sauti iliyotoka kwenye simu, na Swaumu alikujibu vizuri kuliko nitakavyokujibu mimi: yeye ana bibi yake.

Na mjukuu wako asome hapa pia, asidhani amepona. Swaumu, mwanangu, kuwaambia watu “umeua” mbele ya ngazi yenye ufa ni kikapu kitupu vilevile, kimefunikwa kitambaa tu. Bibi yako alikosea namna, hakukosea jambo. Watoto hao si laini, Bi Mwanahawa. Hawajawahi kuonyeshwa kicheko chenye kitu ndani, na wa kuwaonyesha alikuwa wewe.

Sasa amka. Piga magoti uchungulie chini ya kitanda. Unasema ile mashine ya karanga haihusiani na barua yako, na mimi nakwambia hakuna kingine kinachohusiana. Itoe, na usiipanguse vumbi. Panda basi la Igunga wiki hii, kabla mpunga haujatoa mashuke. Usitume ujumbe wa sauti kwamba unakuja, sauti yako kule imeshazoeleka kama lile bati. Umpigie mama yake, uombe ruhusa kama mtu mwenye adabu, ubebe na kilo ya karanga.

Ukifika, usianze kueleza. Wazee wa Tabora mkianza kueleza jua linatua. Iweke mashine mbele ya yule binti, tia karanga, zungusha. Zitavunjika nusu kwa nusu kama zilivyovunjika tangu 1972. Mwambie, “Nimeshindwa nayo miaka yote hii. Na nilikucheka wewe kabla hujanicheka mimi, hiyo haikuwa haki.” Radhi ndiyo hiyo, nyingine haihitajiki. Kisha unyamaze. Akicheka, mwache acheke mpaka aridhike. Akitaka kuifungua, mpe bisibisi, na akupe matusi yote anayoyajua. Ukijitetea hata kwa neno moja, umeharibu nauli.

Baada ya hapo, na si kabla, ifuateni mota nyuma ya choo. Muulize kama anaona meno yale yamepangana kama askari wa gwaride. Ataona mwenyewe. Kung'oa ang'oe yeye, wewe shika bati tu.

Habari ya kurudishwa kundini usimwombe Swaumu. Imakulata akirudi na video ya bati linalogonga ovyo, na pembeni yake mashine yako ya aibu, mlango utafunguka wenyewe. Na Swaumu, usilifunge kundi. Liwekee sharti moja tu, lile la mzee Mfaume: asicheke mtu kabla hajatia kitu kikapuni.

Nami sharti hilo linanihusu, maana nimekutukana ukurasa mzima. Basi, hiki hapa changu. Nilitengeneza mashine ya kuangulia vifaranga, ya kasha la soda na balbu mbili, nikaipamba na jina kwa rangi nyekundu. Nikatia mayai ya jirani, si yangu. Siku ya tatu nikafungua nikakuta yameiva, yanataka chumvi tu. Jirani hasemi nami, ananitumia mtoto.

Cheka, Bi Mwanahawa. Ukishatosheka mpe Imakulata naye acheke. Kisha mniambie nilikosea wapi, maana kuku wa jirani bado anataga.