Svetlana wa Nyasubi

Mjukuu wangu Masanja,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Nyasubi hatujambo. Mama yako amenenepa, ila usimwambie.

Umeuliza ilikuwaje yeye, Msukuma kabisa, akaitwa Svetlana, hata Warusi huko chuoni kwako wanashangaa. Alipozaliwa alilia tu, hataki kunyonya. Niliogopa. Mama mkwe wangu akataja majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine, kama desturi yetu, ili mtoto anyamaze kwa lile analolitaka. Yakaisha yote. Akamgeukia daktari aliyenizalisha, mama wa Kirusi: "Na wewe taja lako."

"Svetlana."

Mtoto akanyamaza, akanyonya hapohapo!

Daktari akatueleza kwamba kwao "svet" ni mwanga. "Basi huyu ni Limi," mama mkwe akasema, maana limi kwetu ni jua. Tangu hapo daktari akawa mtu wa nyumbani, akiletewa maziwa ya mgando mpaka aliporudi kwao.

Unalalamika kwamba huko huna ndugu. Ukikutana na Svetlana yeyote, mwamkie vizuri. Kwetu, mwenye jina la mama yako ni mama yako.

Bibi yako anayekuwaza