Jua Linazama Wapi Bujumbura

Mama yangu, amani kwako na kwa wote hapo Buyenzi.

Ziwa hili la kwenye picha limeganda na watu wanatembea juu yake. Mimi sikanyagi. Siku hizi siamini vingi. Nimepata kazi ya kutunza wazee hapa mjini Crystal, na mjukuu wako Neema lazima abaki na mtu. Kanisani wakanionyesha Mama Godeliva, analea watoto kwake. Akasema, "Mimi pia wa Bujumbura." Huku kila anayetaka kitu kwako ni wa kwetu!

Basi juzi nikaenda kwake, Neema nimemkumbatia, nikamtega: "Mama, ukisimama ufukweni Bujumbura, jua linazama wapi?" Nilijua mwongo atasema ziwani.

Akacheka. "Wakati gani, binti? Mvua ikikatika, linazama nyuma ya milima ya Kongo, hata nyumba za Uvira unaziona. Kiangazi milima yote inapotelea kwenye vumbi, jua linaishia hewani. Haya, zamu yangu, nami silei mtoto wa mtu nisiyemjua. Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka?"

Kwa uchovu nikamhamishia Neema bega la pili. Akanikazia macho kweli!

"Unaingia," nikasema, "pamoja na viboko wake."

Ndipo akanyoosha mikono kumpokea Neema.

Leo nimetoka kazini mapema bila kumwambia, nikachungulia dirishani. Neema amelala mgongoni kwake, yeye anaosha vyombo polepole asimwamshe. Nimefurahi, mama. Kesho nachungulia tena.

Unywe dawa zako, hata ukinuna. Nakupenda sana.

Binti yako, Furaha