Nywele za Dada Zabibu

Ikwiriri,
Jumanne

Kwako dada yangu Zabibu,

Shikamoo. Naanza kwa salamu kama tulivyofunzwa nyumbani, ingawa mkono unataka kukimbilia mbele. Hujambo wewe? Shemeji Saadi na nyavu zake hawajambo? Safina je? Sisi huku wazima, isipokuwa mimi, na hali yangu unaijua. Nina ombi moja kabla ya yote. Jumamosi huenda watu wakaja na boti kukuchukua wewe na Safina. Usipande kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Ningepiga simu, lakini huko Kiongoroni mtandao ni wa kubahatisha, na ukishika anapokea shemeji, na haya nataka uyasikie wewe kwanza. Barua nampa Mwalimu Blandina, anayerudi kwenu kesho.

Mwaka wa pili sasa mwili wote unaniuma, leo mabega, kesho nyonga, keshokutwa vyote pamoja. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kanga ikinigusa begani nashtuka. Mboga naitia chumvi mara mbili kwa kusahau. Na ukinitazama sina kidonda, sina homa, hata nimenenepa. Hapo ndipo penye balaa. Kwenye palizi ya mpunga ngwe yangu ilikuwa inabaki nyuma ya wenzangu wote, na mama mkwe wangu, Bi Sihaba, akanifanya kichekesho cha shamba zima: eti mke wa mwanawe anaumwa majani, majani yakiisha anapona. Zahanati walinipa dawa ya malaria mara tatu, na malaria yenyewe haijaonekana.

Mwezi wa nne wakanipeleka kwa mganga. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana kichwa kilichonyolewa ni chako. Ulikuja kutoka huko, ukakaa mkekani mbele ya watu, ukanyolewa kama wanavyonyolewa wanaoshukiwa uchawi, ili nguvu ziwatoke. Hukubisha. Ulisema kama nywele zako ni dawa ya mdogo wako, wazichukue zote. Mimi nilikaa hatua tatu kutoka kwako nikitazama chini.

Nikapata nafuu wiki moja, wakashangilia, kisha maumivu yakarudi. Nikamlilia mume wangu Mrisho mpaka akanipeleka hospitali ya misheni, Mchukwi. Daktari Wilhelmina, mama mmoja wa bara mwenye sauti kavu, akanipima damu, mkojo, picha. Vyote safi. Nikaanza kulia, kwa sababu nilijua narudi nyumbani na karatasi inayosema mimi mvivu. Akaniambia vipimo kuwa safi si kwamba siumwi. Ugonjwa wangu unaitwa fibromaialjia. Hauonekani kwenye picha, hauui, hauambukizi, ila ni wa kuishi nao. Akanipa vidonge vya kumeza kabla ya kulala, akasema nitembee kidogo kila siku hata nikiumwa, kazi niigawe, na wa nyumbani waelezwe, kwa sababu peke yangu sitauweza. Mrisho akaitwa ndani, akasikia yote.

Njiani ndipo aliponiambia. Mganga kasema dawa haikushika kwa sababu binti yako naye ana sehemu yake ya uchawi huo, lazima anyolewe. Safina, dada! Ndiyo kwanza nywele zake zimeanza kushikika tangu amalize la saba.

Sasa neno lenyewe. Wewe unaamini mganga ndiye aliyekutaja. Hakukutaja. Nilikutaja mimi. Aliniuliza mbele ya Bi Sihaba nilikula kwa nani kabla ya kuumwa. Nikasema kwa dada yangu, wali wa samaki, siku ya Idi. Nilijua kabisa huna kitu. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimewasikia wakipanga kunirudisha kwetu, na nikaona kwamba mtu aliyerogwa hupikiwa uji, mvivu hufungishwa virago. Nikachagua uji, ukanyolewa wewe. Uji ule niliunywa mwezi mzima, na naona haya hata kuandika kwamba ulikuwa mtamu.

Ijumaa baada ya swala Mrisho atawakusanya wakubwa wa nyumba. Daktari kanipa karatasi, lakini karatasi haitoshi. Nitasema kwa mdomo wangu kama nilivyokuandikia. Naogopa, dada. Wakinisikia, boti haitakuja. Wasiponisikia itakuja, nami nitakuwa nimeshafukuzwa. Sijui kama mlango wako bado ni wangu, wala sithubutu kuuliza.

Nimeianza barua hii Jumapili, mistari michache kwa siku, vidole vinagoma. Watakaokuja watakuambia mdogo wako yuko taabani na anakuita. Najua ukisikia hivyo utainuka bila hata kuvaa viatu. Usiinuke. Mimi sijakuita.

Msalimie shemeji, na majirani wote wanaoniuliza. Safina mwambie mama yake mdogo anampenda. Jumamosi boti ikifika, ikukute umekaa mlangoni unamsuka.

Wako, niliyekutaja,
Semeni