Baba Mkwe Alipotoka Ukumbini

Jumamosi. Tukuyu, mvua tangu alfajiri.

Shajara yangu, leo ukungu umeshuka mpaka dirishani. Nimeamka nimekumbatia koti la Lusajo. Ndiyo, bado nalala nalo. Cheka tu. Mume wangu ni fundi umeme, yuko Songea kwenye ujenzi, na mimi niko hapa chuoni nasomea biashara. Tumeoana juzi juzi tu, na harufu yake imeshaanza kupotea kwenye kola.

Jana aliniambia kwa simu, kwa ile sauti yake inayonisahaulisha hata jina langu: "Mke wangu, kesho asubuhi usishike karatasi yoyote. Pumzika. Mchana ndiyo ukaongee."

Mchana ndipo tulipangiwa kuwasilisha mawazo yetu ya biashara mbele ya majaji. Mshindi angepewa karakana ya chuo na mashine zake, azitumie likizo nzima. Wazo langu ni mafuta ya nywele ya parachichi. Huku Rungwe parachichi lenye doa dogo tu kwenye ganda wanunuzi wanalikataa, wakati ndani ni zima kabisa. Mimi hayo ndiyo nayakamua.

Nikishinda, nabaki Tukuyu likizo yote. Nikishindwa, naenda Songea kwa mume wangu. Watu waliponiuliza nataka lipi, nilijibu kwa kicheko kwamba yote mawili ni heri.

Asubuhi Neema, jirani yangu wa hosteli, aligonga mlango. "Mke wa mtu, twende Kaporogwe!"

"Kwenye maporomoko, na mvua hii?"

"Maporomoko ni maji, mvua ni maji. Wewe unaogopa nini?"

Wakaenda kundi zima, wanapiga kelele mpaka getini. Mimi nikabaki kutii amri ya mume. Nikaloweka miguu kwenye maji ya moto. Nikapaka nywele mafuta yangu mwenyewe. Nikalala, nikaamka, nikalala tena. Nikaitazama picha yake mpaka simu ikapata joto.

Kupumzika peke yako ni kazi ngumu kweli.

Mchana nikafika ukumbini na sinia la chupa zangu. Majaji walikuwa watatu, wameketi mbele wakitazama mlangoni. Wa kwanza alikuwa mwalimu wetu. Wa pili Mama Tusa, mwenye duka la vipodozi pale mjini. Wa tatu alikuwa mzee aliyealikwa kuwakilisha wakulima wa parachichi, amevaa buti za mvua na koti la kijivu.

Nilimjua kwa picha ya kwenye simu ya Lusajo. Alikuwa baba yake.

Ukoo wa mume wangu bado unashika mila ya Kinyakyusa. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chumba kimoja. Si chuki, ni heshima. Wengi wa mjini wameshaiacha, lakini wao hapana, na hata siku ya harusi yetu mzee alikaa hema la peke yake. Mimi ni mtu wa Njombe. Nyumbani kwetu ningemwamkia tu, mambo yakaisha. Lakini nilipoolewa niliahidi kuishika mila yao, na niliahidi kwa moyo wote, maana ni ya Lusajo.

Nikajifunika kitenge usoni, nikarudi nyuma, nikachuchumaa nje ya mlango na sinia langu. Ndani mwalimu anaita jina langu. Anaita tena. Watu wakaanza kucheka.

Neema, nywele bado zimelowa, akachungulia. "Shoga, umewaona majaji ndiyo miguu imekatika?"

"Baba mkwe," nikamnong'oneza.

Mama Tusa alikuwa ameshaelewa. "Jamani, acheni kucheka," akasema. "Mkwewe yuko humu."

Kisha nikasikia kiti kinasogezwa. "Natoka mimi," mzee akasema. "Mwacheni mtoto aingie." Akatoka kwa mlango wa pembeni, akakaa barazani.

Nikaingia. Nikaongea. Shajara, niliongea vizuri! Mama Tusa akaniuliza mafuta yakikaa muda mrefu hayanuki? Nikamfungulia chupa ya zamani kuliko zote. Akapaka mkononi, akatabasamu.

Shida ikaja kwenye kura. Mama Tusa alinichagua mimi. Mwalimu alimchagua mwanafunzi mwenzangu Asajile na ndizi zake za kukausha. Ikabaki kura moja, nayo iko barazani. Mwalimu akachukua chupa yangu akamfuata mzee, na sisi sote tukasikia dirishani.

"Mzee, nusa tu, useme neno moja."

"Mwalimu, nikisema mazuri, watasema mzee kampa mkwewe. Nikisema mabaya, nitakuwa mwongo. Niache."

Mwalimu ndiye mwenyekiti, kura yake ikaamua. Karakana ni ya Asajile.

Mzee alipokuwa anaondoka nilisimama nimegeukia ukuta, macho chini. Nikaziona buti zake tu, zinapita. Akasimama, akamwambia Mama Tusa kwa sauti ya kutosha mimi kusikia: "Mwambie ndaga fijo, amenipa heshima. Mwambie mama mkwe wake anauliza kila siku kwa nini haji. Ndizi zipo."

Ndaga fijo ni asante sana. Mji huu mzima, leo ndugu yangu alikuwa yeye peke yake, na sikuweza hata kumwona anavyoondoka.

Jioni nikampigia Lusajo. Nikamweleza yote, nikamalizia kwamba nimeikosa karakana. Unajua alifanya nini? Akashangilia! "Basi unakuja! Mke wangu unakuja!" Akawaita mafundi wenzake, nikawasikia wanapiga makofi. Akaniambia atanunua godoro jipya, atapaka chumba rangi, nichague rangi gani.

Nikasema bluu.

Ningetoa nini nisikie furaha ile kila siku! Nampenda mpaka kifua kinauma. Na bado nilipokata simu nililia, na si kwa sababu ya kumkumbuka.

Nilikuwa naitaka karakana ile. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata yeye, hata wewe hapa. Niliitaka kuliko Songea. Sasa nimeandika.

Neema na wenzake wako chumba cha pili wanachoma mahindi na kusimulia ya Kaporogwe. Wameniita mara mbili. Nimewaambia nimechoka.

Inawezekanaje mtu apendwe hivi, halafu jambo moja abaki nalo peke yake?

Kesho nikitoka kanisani nitampigia tena. Sitazungumzia rangi ya chumba. Nitamwambia nilitaka kushinda.