Ndiyo ya Bibi Ozella

Bellwood, Alabama
17 Oktoba 2023

Kaka Cedric,

Hujambo huko kambini? Natumaini baridi ya kaskazini haijakuzidi na viatu vya jeshi havikuchubui. Sisi ni wazima. Bibi anakusalimu sana, anasema ule hata kama chakula hakina chumvi.

Siku ile ulipopiga simu ya kufika ulisema kwamba umefika salama, kwamba simu yako imechukuliwa mpaka umalize mafunzo, na kwamba utapiga tena ukiruhusiwa, hujui lini wala kwa namba gani. Ukamaliza kwa kusema, "Pokeeni kila simu." Bibi amelishika neno hilo kama amri ya Mungu.

Taabu ni kwamba juzi serikali imefungua dirisha, yaani kipindi cha wazee kubadili bima zao za afya, na simu ya nyumbani hailali. Inaanza Bibi akiwa bado anakoroga uji wa mahindi, inamfuata hadi bafuni. Wote wanauza mipango ya bima, na wote wanamwita "mama yangu". Nikimwambia akate, ananitazama kana kwamba nimetukana kanisani. Kwake yeye, kumkatia mtu simu ni kumfungia mgeni mlango usoni. Basi anasikiliza mpaka mwisho, "Ndiyo, mama", "Ndiyo, bwana", na jana alimwombea muuzaji mmoja ambaye mama yake amevunjika nyonga.

Sanduku la barua nalo limejaa bahasha zenye picha ya tai, ukiziona utadhani zimetoka Ikulu. Bibi anazifungua zote moja moja kwa lenzi, asije akaitupa yako. Nilipendekeza tuiache mashine ijibu simu. Akaniuliza, "Mashine itamwambia nini mjukuu wangu? Kwamba bibi yake yupo, amekaa tu anamsikiliza?"

Habari njema ni kwamba alichomwa ile sindano ya jicho. Daktari Rao anasema jicho la kushoto limesimama pale pale, halijarudi nyuma, ila sindano ya kila mwezi isikosekane.

Mdogo wako,
Delphine


Great Lakes, Illinois
29 Oktoba

Delphi, mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Bibi. Mimi ni mzima, sauti tu ndiyo imeniishia. Tunapata nafasi ya kuandika Jumapili, na leo nimeitumia nusu yake kulala nimekaa.

Simu sijui. Wanasema kikosi kikifanya vizuri kitapewa dakika chache, kikiharibu hakipewi. Kwa hiyo endeleeni kupokea, tafadhali. Sitaki ilie na hakuna mtu.

Ila mwambie Bibi asimsomee mtu namba ya kadi yake ya bima. Hata anayelia.

Kaka yako,
Cedric


Bellwood
6 Novemba

Kaka Cedric,

Pokea salamu zetu. Miili yetu ni mizima, lakini mimi silali vizuri, na nitakueleza kwa nini.

Barua yako imefika imechelewa. Siku hiyo hiyo nilikuta katikati ya zile bahasha za tai moja iliyosema, "Karibu kwenye mpango wako mpya." Bibi akasema hajanunua mpango wowote. Nikapiga, yeye akiwa karibu yangu ili atoe ruhusa, na yule bwana wa kampuni akatuchezea sauti iliyorekodiwa.

Kaka, ilikuwa sauti ya Bibi kabisa. Mwanamke anaongea haraka haraka kuhusu kadi ya kununulia chakula bure, kisha kuhusu kubadilisha mpango kuanzia Januari, na kila akipumua Bibi anasema, "Ndiyo, mama." Halafu anasikika akiisoma namba ya kadi yake taratibu, akiomba radhi kwa sababu ya macho yake.

Bibi alikaa kitako kwenye kiti cha jikoni. "Nilikuwa namwitikia tu," akasema. "Mtu akisema nawe, unaitikia. Sasa tuwe tunakaa kimya kama mbuzi?"

Nikapiga kliniki. Daktari Rao hayumo katika mpango huo mpya. Daktari wa macho aliyemo yuko mbali, Birmingham, gari lako limelala uani na mimi sina leseni. Kama sindano ya Januari itakosekana, daktari alikwisha kutuonya: jicho likishapoteza nuru, halirudishiwi.

Bado kuna muda. Dirisha linafungwa tarehe saba Desemba, na chaguo la mwisho la mzee ndilo linalohesabiwa. Mwalimu wangu amenielekeza kwa Bi Hattie Crenshaw katika ofisi ya wazee ya kaunti, anayewasaidia watu mambo ya bima bila malipo na hauzi chochote. Ameniambia niandikishe namba yetu kwenye orodha ya serikali ya wasiotaka kupigiwa. Itawazuia wauzaji waungwana, alisema, na wasio waungwana watazuiwa na kidole cha Bibi mwenyewe. Tena ameniambia zile kadi za posta za "jaza upate zawadi" tusijaze kamwe, maana ukijaza umewapa ruhusa ya kukupigia. Bibi alikuwa amejaza kadhaa. Kwa mwandiko wake mzuri.

Basi nimemfundisha kukata. Mimi nilikuwa muuzaji, mwiko ukawa simu. Nikamwambia: mtu asiyejulikana akianza kwa kutaja jina lako lote kirasmi, kata. Mara ya kwanza alikata kisha akaniomba msamaha. Baadaye alishika kasi, mpaka akaubamiza mwiko mezani na kusema, "Huyo naye kwao hawana kazi?"

Nadhani ataweza.

Mdogo wako,
Delphine


Great Lakes
12 Novemba

Delphi,

Natumaini mko salama. Mimi nipo.

Jana kikosi chetu kilipewa simu. Mkufunzi anasimama nyuma yako, na lazima uanze kwa maneno waliyoyabandika ukutani. Nikayasoma kwa sauti kubwa kama tunavyolazimishwa: "Hapa ni kuruta Mabry. Je, ninazungumza na Bi Ozella Mabry?"

Bibi akasema, "Mungu akusamehe, kijana," akakata.

Nikaomba nipige tena. Mkufunzi akasema simu imepokelewa, mazungumzo yamefanyika, anayefuata. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaangusha kofia. Nami nilicheka, mpaka taa zilipozimwa.

Alikuwa na sauti ya ukali, Delphi. Sijawahi kumsikia akiwa hivyo. Usimwambie kwamba nilikuwa mimi.

Kaka yako


Bellwood
19 Novemba

Kaka mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Ungeandika lile ombi lako la mwisho mwanzoni kabisa. Bibi hawezi tena kusoma mwandiko wako, kwa hiyo barua zako namsomea kwa sauti, na nilifika pale penye "usimwambie" nikiwa nimeshasema yote.

Hakulia. Alisimama akaenda kukatakata mboga ambazo zilikuwa zimekwisha kukatwa. Tangu hapo hasemi "ndiyo". Ukimuuliza kama anataka chai, anasema, "Ukipenda." Leo baada ya ibada mchungaji alisimama mlangoni akamuuliza kama ameonja wema wa Bwana wiki hii, naye akampa mkono tu akapita. Watu wa kanisa letu la Mlima Nebo wanadhani amemkasirikia mchungaji.

Ningevumilia hayo, lakini Ijumaa tulikwenda kwa Bi Crenshaw. Alipiga simu ya serikali ya mambo ya bima, akaiweka mezani ili sote tusikie. Msichana wa upande wa pili akauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, yote yakaenda vizuri. Kisha akauliza, "Bi Mabry, unakubali nizungumze nawe mambo yako mbele ya Bi Crenshaw?"

Bibi akautazama mkoba wake.

"Bi Mabry, nahitaji nisikie ndiyo au hapana."

"Muulize mjukuu wangu," Bibi akasema. "Yeye ndiye mwenye ulimi siku hizi."

Nikajibu ndiyo haraka. Msichana akasema kwa upole kwamba haitoshi, lazima iwe sauti ya mwenye kadi. Tukangoja. Nilimshika Bibi mkono, akauondoa akauweka juu ya mkoba wake. Mwishowe msichana akaomba radhi akaaga.

Garini, Bi Crenshaw alipokuwa akiturudisha nyumbani, Bibi alisema, "Neno langu walilichukua wakalifanyia biashara. Nikalinyamazisha, nikamfukuza mtoto wangu mwenyewe. Sasa mnataka nilitoe tena?"

Sikukuu ya Shukrani imejaza ratiba ya Bi Crenshaw, na nafasi aliyotupatia ni tarehe saba Desemba yenyewe, asubuhi. Siku ya mwisho. Ikishindikana hapo, hakuna kesho.

Bibi anakusikiliza wewe kuliko mtu yeyote. Tafadhali andika, na andika mapema.

Delphine


Great Lakes
26 Novemba

Delphi, barua hii msomee Bibi yote. Safari hii sina la kuficha.

Bibi yangu, shikamoo. Umeamkaje? Na miguu? Hapa tumekula bata mzinga mkavu kama soli, nikaukumbuka mkono wako.

Bibi, wiki ya kwanza hapa niliadhibiwa kwa neno lako lile lile. Mkufunzi aliniamuru niokote ndoo, nikajibu kama ulivyonilea: "Ndiyo, bwana." Akanitupa chini nipige pushapu. Akaniambia hakuniuliza swali. Wanamaji tuna itikio letu: ukiamriwa unasema "ai ai", maana yake nimesikia na naelewa. Ndiyo haisemwi mpaka uwe umeulizwa. Yaani watu wa baharini walishaona zamani kwamba kuitikia ni kitu kimoja na kukubali ni kingine, wakavitenga, chombo kisije kikazama kwa sababu ya adabu.

Wewe ulimwitikia yule mwanamke. Yeye akaandika kwamba umekubali. Kosa liko kwenye kalamu yake, haliko kinywani mwako.

Na ile simu, uliikata vizuri. Sauti ile hata mimi ningeikata. Nataka uendelee. Delphi azuie namba zote ngeni, na msiningoje. Nikipewa nafasi tena nikakuta mlango umefungwa, nitajua nyumbani kuko salama.

Lakini tarehe saba utaulizwa swali la kweli, Bibi. Mimi siku ya kuapa niliulizwa, nikatazama huku na huku kama nitapata pa kukimbilia, kisha nikajibu. Lilikuwa neno langu. Bado ni langu.

Nenda ukajibu.

Mjukuu wako,
Cedric


Bellwood
7 Desemba

Kaka Cedric,

Salamu, na upumue kwanza. Nakuandikia jioni.

Barua yako niliisoma mara moja. Bibi akaichukua, akaiweka mfukoni mwa aproni, ikakaa humo siku zote hizi. Asubuhi ya leo sikujua kama tunakwenda kujaribu au tunakwenda kukaa tu. Alivaa kofia yake ya kanisani, ile ya zambarau. Nikaona ni dalili, ila sikujua ya nini.

Simu ya serikali ilikuwa imejaa. Muziki ule ule ukapiga mpaka Bi Crenshaw akamaliza kahawa yake na yangu. Kila alipotazama saa, nami nilitazama. Hatimaye akapokea mwanamume, mtu mzima kwa sauti. Akaanza kueleza, na alipotua Bibi akasema, "Nimekusikia. Hapo nakuitikia tu, mwanangu. Usiandike kitu."

Yule bwana akajibu, "Sijaandika, mama."

Ikawa hivyo kwa kila kipengele. Bibi alimrudisha nyuma, akamtaka aseme polepole, akamuuliza Daktari Rao yumo au hayumo, na sindano zinalipiwa au hazilipiwi, akamwambia aangalie tena. Akaangalia tena. Bi Crenshaw alifunika mdomo kwa kiganja. Ile ruhusa ya kuzungumza mbele yetu iliyotushinda mara ya kwanza, alimfanya aiulize upya kwa maneno machache, ndipo akaitoa.

Kisha yule bwana akasema, "Bi Mabry, sasa nakuuliza. Unataka kurudi kwenye mpango wako wa zamani kuanzia Januari mosi?"

Bibi alikuwa anautazama ukuta ambao haukuwa na kitu. Midomo yake ilifunguka ikafungwa. Nilitaka kumsukuma, nikakalia mikono yangu.

"Ndiyo," akasema.

Hakuongeza bwana wala mama.

Imekubaliwa. Tuna namba ya uthibitisho, na Bi Crenshaw amemripoti yule muuzaji kwa wanaohusika. Nimeshapiga kliniki: Daktari Rao atamchoma Bibi tarehe kumi na moja Januari. Kampuni zote za zile bahasha za tai nimeziandikia zituondoe, na bahasha za zile ambazo hazitatii tunaziwashia jiko la uani.

Nimezuia namba ngeni kama ulivyotaka. Simu imekaa kimya mpaka nasikia friji. Lakini kuna nyingine zinapenya, na saa kumi na moja leo, nikiwa nimeanza kukuandikia, ililia. Namba hatukuijua. Bibi akaja akasimama karibu nayo, mkono juu yake, hakuinua. Ikaita, ikaita, ikanyamaza.

"Kama ni wao, wataelewa," akasema. "Kama ni yeye, ataelewa zaidi." Lakini hakuondoka pale. Mpaka sasa amevuta kiti amekaa, anajidai anamenya viazi vya pai.

Wiki ijayo ukimaliza mafunzo utarudishiwa simu yako, na namba yako naijua kwa kichwa. Ila kama leo saa kumi na moja ulikuwa wewe, Kaka, usingoje wiki ijayo. Tuandikie.

Mdogo wako,
Delphine