Kilo Sabini na Nne za Mama

Jumatatu, 4 Machi
Simu arobaini na moja za utafiti leo. Urefu wako? Uzito wako? Wanaume wote warefu, wanawake wote wepesi! Ndiyo maana keshokutwa tunaanza kupita na mizani nyumba kwa nyumba, tuone maneno ya watu yanapishana vipi na ukweli. Kura imemwangukia hata mama yangu. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyempigia. Kilo 74, kasema bila kusita. Nimecheka. Fundi cherehani kwa miaka thelathini, mteja akimtajia kiuno chake haamini mpaka atoe futi.

Jumatano, 6 Machi
Kwetu. Mwenzangu kwenye mizani, mimi na kalamu. Kanuni: nguo nzito zivuliwe. Mama akavua sweta. Chini yake sweta jingine. Chini ya hilo, gauni juu ya gauni.
51.
Nikasema mizani mbovu. Nikapanda mimi: 63, kama kawaida. Akapanda tena — 51!
Naishi naye nyumba moja. Mezani huwa anasema ameshakula kwa mteja. Nami nikaamini, mimi ninayelipwa kutoamini.

Alhamisi, 7 Machi
Msimamizi ameona tofauti ya kilo 23. Amesema ni kosa la kuandika, na tofauti ikizidi 15 mstari unafutwa. Nikamwambia nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Akasema kanuni ni kanuni. Amefuta mbele yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimefungua kabati lake. Magauni yote yamebanwa ubavuni, mshono ndani ya mshono. Lile la bluu mara nne! Fundi ni fundi, sikuona kitu. Mganga hajigangi, lakini huyu alijipunguzia nguo kimyakimya!
Nikamuuliza tangu lini. Akaendelea kushona. Akasema hakudanganya, 74 ndiyo iliyo kwenye kadi yake ya kliniki. Kadi ya mimba ya mdogo wangu. Mdogo wangu ana miaka kumi na tisa.
Nikachukua futi shingoni mwake. Akainua mikono, kama wateja wake.
"Usinisomee," akasema. "Mwanangu, najipima kila Jumapili."
Nimelia. Nikasema hospitali, sasa hivi. Amekubali! Yuko chumbani anavaa, mimi naandika nimesimama mlangoni. Ila ana sharti moja: mizani ya huko atapanda na masweta yote mawili, na nisimwambie daktari kwamba bila hayo ni 51.