Kioo cha Upande wa Mkwe

Alhamisi, 7 Machi 1974

Nimeosha gari tangu alfajiri. Maji ya baridi, vidole vimekufa ganzi. Gari la usharika ni zee, liliachwa na wamisionari kabla ya Uhuru, na bado mchungaji anataka ling'ae. Juzi niligonga nguzo ya geti. Uzembe wangu mwenyewe. Kioo cha pembeni, upande wangu, kimelegea. Kila kona kinainama.

Nimemteremsha mama mkwe Mombo akapande basi la Handeni. Alhamisi ya tatu hii anakwenda kwa Naemi, mke wangu. Naemi anafundisha elimu ya watu wazima katika kijiji kipya cha ujamaa huko. Tangu Agosti sijamwona. Barua zake ni zile zile: usije kwanza, nyumba hazijaezekwa. Toka Krismasi, hata hizo hakuna.

Mkwe hukaa kiti cha nyuma yangu. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Miaka sita sijui pua yake ikoje. Ukiacha salamu, akitaka kusema nami anasema na hewa. "Mwambieni dereva apunguze mwendo." Na garini tuko wawili tu.

Leo kwenye kona za Soni kioo kikageukia ndani. Nikauona mdomo wake. Unatetemeka. Nikarudisha macho barabarani. Nimeona aibu mpaka Mombo.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi Athumani amekitazama kioo. Nati imeliwa meno, haishiki. Vipuri hakuna, hata Tanga hakuna. Amepekua kopo lake la misumari akapata nati ya trekta, akakata na raba ya kuweka chini yake. "Kazi ya dakika kumi, Danieli. Hata wewe unaweza."

Naweza. Sikuifunga. Iko mfukoni.

Niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nataka kuuona tena ule mdomo. Mtu pekee anayemwona Naemi ni huyu mama, na mama huyu hawezi kuniambia neno, wala mimi kumwuliza. Sasa nimepata ufa wa kuchungulia. Ni utovu wa adabu. Najua.

Alhamisi, 14 Machi

Kioo nimekiinamisha mwenyewe kabla hajapanda. Mwizi kabisa.

"Shikamoo, mama," nikatazama tairi. "Marahaba, mkwe." Kapu lake limejaa. Unga wa ulezi, kopo la samli, vipande vya kanga kuukuu, vilivyofuliwa na kukunjwa vizuri. Ulezi ni wa uji. Na vitambaa vile, ni vya mtu asiyeinuka kitandani.

Baada ya Soni alilia. Hakutoa sauti. Alijifuta kwa upindo wa kanga, akalia tena. Nililia na mimi, huku nashika usukani. Lori la mbao lilinipigia honi, nilikuwa nimehamia upande wake.

Naemi anaumwa. Ndiyo maana haandiki.

Jumamosi, 16 Machi

Sikulala vizuri, sikula vizuri. Nimemwomba mchungaji ruhusa ya siku nne, mke wangu mgonjwa. Akageukia dirishani. Akauliza nani kaniambia. Nikasema hakuna. Akasema tutaona. Mtu wa Mungu gani huyu? Nimetoka nimekasirika.

Nimenunua blanketi, la kijivu, zito. Mwenye duka akanicheka: Handeni na blanketi wapi na wapi? Nikamwambia mgonjwa husikia baridi popote.

Jumatano, 20 Machi

Ruhusa imetoka. Naondoka keshokutwa. Nimenyoa ndevu. Naogopa, lakini afadhali kuogopa ukiwa njiani.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika kwa sababu mikono haina kazi nyingine.

Alipopanda nikasema na hewa, kama anavyosema yeye: "Mwambieni mama, kesho na mimi nakwenda kumwuguza Naemi. Blanketi lile pale mbele ni lake." Kiooni mdomo ulifunguka, ukafungwa.

Tulipopita Soni akasema, "Mwambieni dereva asimame." Nikadhani kichefuchefu, kona zile zinamwangusha hata mzima. Akashuka. Akazunguka gari. Akafungua mlango wa mbele, akaliweka blanketi magotini, akaketi kando yangu.

Nilijua kabla hajafungua kinywa. Mkwe haketi pale.

"Danieli," akasema. Jina langu, kwa mara ya kwanza. "Nitazame."

Nikamtazama. Ana macho ya Naemi. Yale yale, jicho la kushoto dogo kidogo. Miaka sita sikujua.

"Naemi si mgonjwa. Ana mimba ya miezi mitano. Ni ya mwalimu mwenzake, na wanakaa nyumba moja. Nimekwenda mara nne kumwomba arudi, amekataa. Mchungaji anajua, nilimwomba anisubiri nikuambie mwenyewe. Neno hili mkwe haambiwi na mkwe. Limenishinda. Basi usiwe mkwe wangu. Uwe mwanangu, nikuambie."

Nikashuka nikapiga boneti ngumi mbili. Mkono umevimba. Nikamwambia maneno ambayo mama haambiwi, na yeye akakaa akayasikiliza yote. Kisha tukateremka Mombo. Nilimwachia blanketi. Nilitaka kulitupa korongoni, lakini kuna mtoto.

Ijumaa, 22 Machi

Leo ningekuwa njiani. Nimefunga kioo. Dakika kumi, kama alivyosema Athumani. Hakitikisiki.

Namchukia Naemi. Nimeandika ili nione kama ni kweli. Si kweli.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua tangu asubuhi. Mama alikuja nyumbani kabla ya safari, akasema Naemi anaomba nguo zake. Alibaki kibarazani. Nimepanga mwenyewe sandukuni: magauni matatu, sweta, kitabu cha nyimbo, viatu vya Jumapili. Sweta nilililaza juu, kisha nikaliweka chini, lisilowe.

Njiani tuliongea kidogo, habari za maharage na mvua.

Mombo nililibeba sanduku hadi kwenye basi. Utingo akatoa chaki aandike jina ubavuni, akauliza mzigo wa nani. Mara zote nilikuwa nasema wa mke wangu. Nikamwambia ni wa binti wa mama huyu.

Akaandika, akalipandisha juu.